Baba anataka kuacha kazi ili ajifunze kuandika programu



Mwezi huu ninajibu ulizo la mama mumoja. Bwana yake ana miaka 34, ni shofere wa kamio kubwa katika kompanyi ndogo yenye kubeba mawe ya shaba. Wana watoto wanne. Bwana ameona katika telefone yake kwamba kuko watu wenye kujifunza peke yao kuandika programu za ordinatere, wanabadilisha kazi, wanalipwa dola. Sasa anataka kusimamisha kazi mwisho wa mwezi, kupokea feza yake ya mwisho, kununua ordinatere, na kukaa nyumbani miezi mitatu akijifunza.

Mama alisema hivi: "Pasta, mi sikatae bwana yangu asome. Lakini mi naogopa. Baba yangu alitokaka ku kazi mwaka 2003 na feza mingi mukononi. Akanunua teksi. Mbele mwaka uishe, teksi ilikufa, feza ikaisha, na sisi tukatoka ku masomo."

Vijana wengi hawajui mambo ya mwaka ule, basi niwakumbushe kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa mupango uliosema kila mutu atoke kwa mapenzi yake, na feza ya kutokea. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi jamaa nyingi zinaikumbuka siku ile. Wengine walijenga, wengine walilima, na wengine feza iliwakimbia kama maji katika kitunga.

Kwa hiyo woga wa mama huyu si ukosefu wa imani. Ni kumbukumbu. Lakini hamu ya bwana yake pia si upumbavu. Anaona kwamba mawe yataisha, mugongo utachoka, na kontra inaweza kukatwa siku yoyote. Kila mumoja ameshika nusu ya ukweli. Tuone kama tunaweza kuunganisha nusu zile mbili.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Watu wengi wanasema "kusoma ordinatere" kama vile ni kitu kimoja. Kujua kuandika barua na kuichapisha ni jambo moja. Kuandika programu ni jambo lingine.

Programu ni orodha ya maagizo. Ukimutuma mutoto akununulie unga, akikuta duka la karibu limefungwa, yeye mwenyewe atakwenda la pili. Ana akili ya kukisia. Ordinatere haina. Lazima uiambie kila kitu: nenda duka la kwanza, kama limefungwa, nenda la pili, kama bei inapita feza uliyo nayo, rudi nyumbani. Ukisahau neno moja, itasimama njiani, ao itafanya jambo ambalo hukulitaka, bila haya.

Tuchukue mufano wa kwaya. Kila mwimbaji anapaswa kulipa franka 12,000 za nguo. Mwenye kutunza feza anataka kujua nani angali na deni. Maagizo yatakuwa hivi: kwa kila jina katika orodha, ondoa katika 12,000 kile amekwisha kulipa, kama kunabaki kitu, andika jina lake na kile kinachobaki, kisha pita kwa jina linalofuata mupaka orodha iishe. Mutu mwenye kuelewa maneno hayo amekwisha kugusa mizizi ya kazi hii: kuweka hesabu katika kisanduku chenye jina, kuuliza "kama", kurudia, na kuipa kazi ndogo jina ili uiite tena kesho. Katika lugha nyingi za programu "kama" inaandikwa if, na "andika" inaandikwa print. Hayo mengine ni kuongeza ujuzi kidogo kidogo, kama vile fundi wa nyumba anaanza na tofali moja.

Kazi hiyo iko wapi? Iko karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Mizani yenye kupima makamio inatumia programu. Ukituma feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, programu ndiyo inahesabu. Katika mugodi wa zahabu wa Kibali, upande wa Haut-Uélé, kuko mashine za kubeba mawe chini ya udongo zenye kutembea bila shofere ndani; mutu anakaa juu na kuzichunga kwa ordinatere, na mutu mumoja anaweza kuchunga kadhaa. Bwana wa mama huyu ni shofere. Haki yake kufikiri juu ya jambo hilo.

Na kuko jambo lingine lenye kutupasa kufikiri. Udongo wa Congo unatoa karibu sehemu 70 kwa 100 za kobalti yote yenye kuchimbwa duniani. Kobalti ile inaingia katika batri za telefone na za ordinatere. Sisi tunatoa jiwe, wengine wanatoa akili yenye kutembeza kile kilichotengenezwa kwa jiwe. Mungu hakugawa akili kwa taifa moja tu.

2. Mama aliyeona mashine inakuja

Niwape mufano wa kweli. Dorothy Vaughan alizaliwa Marekani mwaka 1910. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule la watoto weusi ku jimbo la Virginia, na mama wa watoto. Mwaka 1943, wakati wa vita, alipata kazi Langley, mahali walipochunguza mambo ya ndege. Kazi yake ilikuwa kufanya hesabu ndefu siku nzima. Na musishangae: watu wa kazi hiyo waliitwa "computer". Neno hilo lilikuwa jina la kazi ya watu mbele ya kuwa jina la mashine.

Sheria za wakati ule ziliwatenga watu weusi. Wanawake weusi walikuwa na bilo yao peke yao, na meza yao ya kulia peke yao. Mwaka 1949 Dorothy alifanywa musimamizi wa bilo ile. Mwaka 1958 shirika lile likawa NASA, na bilo ya kutenga watu ikafungwa. Wakati ule mashine kubwa za kuhesabu zilikuwa zinaingia. Mashine moja ilifanya kwa saa chache hesabu yenye iliwachukua watu siku nyingi.

Angeweza kulia: "Mashine inatunyanganya mukate." Angeweza kuichukia. Yeye alifanya nini? Alikuwa karibu na miaka 50. Alijifunza mwenyewe FORTRAN, lugha ya programu yenye IBM ilitoa mwaka 1957, kisha akawafundisha wanawake aliokuwa akiwasimamia. Mashine ilipokamata kazi ya kuhesabu, wao walikuwa wamekwisha kujua kuiambia mashine ihesabu nini. Alifanya kazi kule mupaka mwaka 1971, na alikufa mwaka 2008 akiwa na miaka 98.

Angalieni mambo matatu. La kwanza, hakuacha kazi ili ajifunze. Alijifunza akiwa ndani ya kazi. La pili, hakutupa ujuzi wake wa zamani. Hesabu alizozijua zilikuwa ngazi ya kupandia. La tatu, hakupanda peke yake, alivuta wengine.

Mutu mwingine ni Quincy Larson, Mumarekani pia. Alikuwa mwalimu na musimamizi wa shule. Alianza kujifunza programu peke yake akiwa amepita miaka 30. Mwaka 2014 alianzisha freeCodeCamp, masomo ya programu katika intaneti yasiyolipishwa hata senti moja. Kwa hiyo miaka 34 si uzee. Shida ya bwana wa mama huyu si umri. Shida ni ule mupango wa miezi mitatu.

3. Nira ya Elisha

Najua kile ambacho mabwana wengine wanajibu. Wanasema: "Pasta, hata Elisha alipoitwa alichinja ngombe zake na kuchoma nira. Mutu wa imani hatazami nyuma."

Tusome vizuri 1 Wafalme 19. Elisha aliitwa na nabii aliyetumwa na Mungu, si na tangazo katika telefone. Aliitwa kwa kazi ya Mungu, si kwa mushahara mukubwa zaidi. Na tena, ngombe zile alizozichinja, aliwapikia watu wakala. Wewe ukichoma kazi yako leo, watoto wako watakula nini kesho? Nira haipikwe, ndugu.

Mimi ninapenda kuwaonyesha Paulo. Katika Matendo ya Mitume 18 anafika Korinto, anakaa kwa Akila na Prisila, na kwa sababu kazi yao ni moja, anashona hema pamoja nao. Mutume wa mataifa hakuona haya kushika sindano. Kazi ya zamani ilimulisha wakati kazi kubwa ilikuwa inakua. Basi jibu langu la kwanza ni hili: baba asiache kamio. Kamio ndilo litalipa masomo.

4. Hesabu ya munara

Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumuza juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara. Mbele ya kuanza, anakaa chini na kuhesabu garama, ili asiache musingi bila nyumba na kuchekwa na watu. Tukae chini basi.

Saa. Tuseme baba anapata saa moja na nusu kila siku, siku tano kwa juma. Kwa majuma 50 inakuwa saa 375 katika mwaka. Baba atasema: "Pasta, nikikaa nyumbani miezi mitatu, saa 8 kwa siku, ni saa 520. Yangu inapita!" Hesabu yake ni sawa. Lakini kichwa si gunia la kujaza siku moja. Mambo haya yanataka kulala, kusahau, kurudia, na kujaribu tena. Tena, nani atamupa umeme saa 8 kila siku? Na kuliko yote: mwisho wa mwezi wa tatu ndipo kutafuta kazi kutaanza, lakini unga utakuwa umeisha. Mutu mwenye njaa hatafute kazi nzuri. Anakamata ile ya kwanza, ao anaingia deni. Mwenye kujifunza polepole akiwa na mushahara anaweza kungojea.

Feza. Miezi mitatu ya kwanza usinunue kitu. Kama una telefone ya Android, unaweza kuandika na kujaribu programu za Python ndani yake. Ni shida kidogo kwa vidole, lakini inatosha ili ujue kama kazi hiyo inakupendeza kweli. Wengi wanaacha katika majuma ya kwanza, na si zambi kuacha. Ni afazali kuacha ukiwa umepoteza mega chache kuliko kuacha ukiwa umepoteza feza ya nyumba. Ukivumilia miezi mitatu, tafuta ordinatere iliyokwisha kutumiwa. Yenye memori ya giga 8 inatosha kwa kujifunza. Usinunue bila kuiwasha mbele yako na kuona batri inakaa wakati gani.

Mega. Masomo ya video yanakula mega sana. Masomo ya kusoma yanakula kidogo. Chukua masomo ukiwa mahali penye intaneti nzuri, uyatunze, kisha usome nyumbani bila intaneti.

Umeme. Kwetu kura inakatika bila kuaga. Jaza batri wakati iko. Na inapokosa, kamata kaye na biki. Andika programu kwa mukono, kisha fuata musitari kwa musitari ukijifanya wewe ni ordinatere: katika kisanduku hiki kuko ngapi sasa? Kazi hiyo ya kaye si ya kimaskini. Inafundisha kichwa kufikiri mbele ya vidole kukimbia.

5. Namna ya kuanza

Chagua lugha moja na ukae nayo mwaka muzima. Python ilitolewa mwaka 1991 na Muholanzi Guido van Rossum. Maandishi yake ni mepesi kusoma, na haiuzwe. JavaScript ilitengenezwa na Brendan Eich mwaka 1995. Ndiyo yenye kufanya kurasa za intaneti zitembee. Moja kati ya hizo inafaa. Ugonjwa mukubwa wa wenye kuanza ni kurukaruka: leo hii, kesho ile, mwisho wa mwaka amesalimia lugha tano lakini hawezi kuongea na hata moja.

Fuata somo moja mupaka mwisho. Nimekwisha kutaja freeCodeCamp. Chuo kikubwa cha Harvard nacho kinatoa bure katika intaneti somo lake la kwanza linaloitwa CS50. Ni somo gumu, lakini ni zuri.

Masomo mengi ni kwa Kiingereza. Usikimbie. Maneno ya lugha ya programu yenyewe si mengi; andika machache kila juma katika kaye, na mwisho wa mwaka utashangaa. Watoto wako wanaweza kukuuliza maneno hayo jioni, na wao pia watayajua.

Usinakili tu. Funga somo, jaribu kuandika mwenyewe bila kuangalia. Programu itakataa, itakuonyesha makosa na hesabu ya musitari wenye kosa. Soma maneno yale polepole. Fundi wa kuunga vyuma hakasirikii cheche. Kazi hii kila siku ni kutafuta kosa, kulisahihisha, na kukuta lingine.

Mwezi wa nne, tengeneza kitu chenye mutu anakihitaji. Si lazima kiwe kikubwa. Orodha ya madeni ya kwaya. Hesabu ya duka la mama. Na hapa shofere ana mali ambayo kijana wa chuo hana: anajua kamio. Anajua mafuta yanaibiwa wapi, mpira unakufa kwa sababu gani, safari moja inachukua saa ngapi wakati wa mvua. Akiandika programu ndogo yenye kuhesabu mafuta na safari za kila kamio, mukubwa wake wa kazi atasikiliza. Mulango wa kwanza wa kazi mupya mara nyingi uko ndani ya nyumba ya kazi ya zamani. Mutu anaingia kwanza katika bilo ya kupanga makamio, kisha katika bilo ya ordinatere, kisha anakwenda mbali. Hivyo ndivyo Dorothy Vaughan alivyopita.

Na kama kijana wako angali na umri wa masomo, asiache masomo kwa ajili ya kujifunza peke yake. Afanye yote mawili. Hapa Lubumbashi kuko vyuo vyenye kufundisha kazi hii, kama ESIS Salama ya ndugu zetu Wasalesiani, na chuo kikubwa chetu UNILU. Kujifunza peke yako ni ngazi ya yule aliyekosa ngazi nyingine. Si sababu ya kuvunja ngazi iliyo mbele yako.

6. Tuseme ukweli wote

Ningewadanganya kama ningeishia hapo. Kazi hii si mugodi mupya wenye dola kwa kila mwenye jembe.

Novemba 2022 ilitoka ChatGPT, mashine yenye kujibu maulizo na yenye kuandika hata programu. Tangu wakati ule mashine za namna hiyo zimeongezeka. Kazi ndogo zilizokuwa za kuwazoeza wenye kuanza, mashine inafanya nyingi. Mwezi huohuo kompanyi ya Meta, yenye Facebook, ilitoa kazini watu zaidi ya 11,000, na kompanyi nyingine kubwa zilifanya hivyo pia. Kwa hiyo mutu mwenye kukuambia kwamba dunia nzima inakungojea, anakuuzia upepo.

Je, tuache basi? Hapana. Yule aliyenunua mashine ya kuunga vyuma hakuondoa haja ya fundi mwenye kujua kama chuma kimeshika. Mashine ikiandika programu ya mushahara na kukosea, nani ataona? Yule tu mwenye kuelewa. Itumie kama mwalimu: iulize kwa nini, iombe ikueleze kosa. Lakini usiifanye ikuandikie zoezi lako. Ukiacha mwingine akule kwa ajili yako, utakonda wewe.

Jihazarini pia na walaghai. Mutu yeyote mwenye kuomba feza na kuahidi kwamba kazi ni hakika, mukimbieni. Mutu mwenye kusema utalipwa ukileta watu wengine, huyo hafundishe programu; anatega mutego, na wewe utakuwa chambo cha kuvua ndugu zako wa kanisa. Masomo ya kweli ya kuanza yako bure. Kwa nini ununue maji ukiwa umesimama mutoni?

7. Mapatano ya nyumba

Kujifunza kwa baba ni kazi ya nyumba nzima. Kwa hiyo kuwe mapatano, yaandikwe katika kaye na wote wawili watie mukono: siku gani baba anasoma, saa ngapi, feza ngapi ya mega kwa mwezi, na tarehe ambayo watakaa chini tena na kupima. Bila tarehe ya kupima, mama atasumbuka kila usiku na baba atajitetea kila usiku.

Mama, ukikubali, kubali kwa moyo. Katika saa ile usimutume, na watoto wasipige kelele. Usimwambie mbele ya wageni: "Huyu wetu anacheza na telefone." Neno dogo kama hilo linaua mwanafunzi mukubwa.

Baba, ukipewa saa ile, isome kweli. Telefone ileile yenye somo iko pia na mupira, na picha za aibu, na mazungumuzo yasiyo na mwisho. Bibi yako anajua tofauti; uso wa mutu mwenye kusoma haufanane na uso wa mutu mwenye kujificha. Saa ikiisha, funga, rudi kwa watu wako. Siku ya Bwana ni ya Bwana. Na kila juma mwonyeshe bibi yako kile umetengeneza, hata kama ni kidogo. Imani yake itakua kwa kuona.

Na kama mama ndiye anataka kujifunza, ao binti? Sheria ni ileile. Baba na kaka wapike bukari siku zile, hawatakufa. Nimewapa mufano wa mwanamuke kwa makusudi.

8. Kanisa lifanye nini?

Katika Kutoka 31 Mungu anamuita Bezaleli kwa jina na kumujaza roho yake, si kwa kuhubiri, lakini kwa kazi za mikono: zahabu, shaba, mawe na miti. Shaba, ndugu zangu! Na katika sura ya 35 tunasoma kwamba Mungu alitia moyoni mwake pia kuwafundisha wengine. Zawadi ya kujua na zawadi ya kufundisha zilitembea pamoja.

Makanisa yetu mengi yana ordinatere moja katika bilo, yenye kulala tangu saa kumi ya jioni. Mengine yana hata umeme wa jua kwa ajili ya vyombo vya kwaya. Kwa nini isitumiwe jioni mbili kwa juma, chini ya ulinzi wa muzee mumoja, kwa kundi la watu watano ao sita wenye kujifunza pamoja? Peke yako, kosa moja linaweza kukusimamisha juma zima. Mukiwa sita, mumoja ataliona. Na yule atakayefika mbali asisahau jioni zile. Arudi kuwafundisha wenye kuja nyuma.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa

Kama mushahara wa nyumba yetu ungekatwa mwezi ujao, kuko ujuzi gani mwingine kati yetu?

Nani kati yetu anatamani kujifunza kitu kipya, lakini anaogopa kusema? Anaogopa nini?

Ni saa gani katika juma letu tunaweza kumupa, na ni kazi gani tutamusaidia ili aipate?

Kazi tunayoijua leo, inaweza kuwa ngazi ya kupandia wapi?

Ninyi wenye kushuka katika mashimo, wenye kushika usukani usiku, wenye kungojea kontra kila miezi sita: Bwana anayajua majasho yenu. Awape hekima ya kuhesabu, uvumilivu wa kujifunza kidogo kidogo, na upendo wa kutoiacha nyumba nyuma munapopanda. Neema iwe nanyi nyote. Amina.